Mara Mbili ni Hapana

"Anasikia kweli huyu?" Spika aliuliza, na kama kawaida yake hakungoja jibu. Aliinama mpaka kwenye sikio la mdogo wake, akavuta pumzi, akaiachia: "FUNDI! NI MIMI KAKA YAKO! UNANIONA?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliokuwa bado na nguvu ya kushtuka walishtuka. Aliyeitwa hakushtuka wala hakugeuka. Bomba lilikuwa limeingia kinywani mwake likabanwa kwa plasta mashavuni, mashine ikimpumulia kwa mlio wa mtu anayefyonza chai ya moto. Mikono yake miwili ilifungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, asije akalichomoa bomba kwa kuchanganyikiwa. Macho yalikuwa wazi, yakitazama dari.

"Hasikii," Spika alikata shauri. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu ya sauti yake, naye alilipenda. "Ndugu yetu keshatutoka huyu. Hapa tunatazama mashine tu."

Upande wa pili wa kitanda alisimama mke wa mgonjwa, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha. Amevaa koti la kijani la hospitali lililomfikia miguuni, na vidole vyake, vilivyozoea kushika kitambaa, vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la shuka. Hakuwa mtu wa kumkatiza shemeji yake mkubwa, sembuse mbele ya mama mkwe. Wiki iliyopita mumewe alikuwa akibomoa paa la zamani, akakanyaga msumari wenye kutu. Aliuchomoa, akapangusa damu kwa tambara, akarudi juu. "Msumari tu," alimwambia mkewe jioni. Mguu ukavimba, homa ikapanda, pumzi ikaanza kumkatika kama mtu anayepanda ngazi isiyokwisha. Mpaka wanamfikisha hospitalini hakuweza tena kutaja jina lake.

"Tuanze kufikiria mapema," Spika aliendelea. "Pale alipolala baba pamejaa. Labda upande wa chini, karibu na ukuta, ingawa mvua ikinyesha maji hutuama."

"Nyamaza, mwanangu," mama yake alisema kwa unyonge. "Ulimi hauna mfupa."

"Mama, mipango haiui mtu."

Ndipo Mama Mapacha alipoliona chozi. Lilitoka kwenye kona ya jicho la mumewe, likateleza taratibu kuelekea sikioni, likasimama kwenye plasta. Hakukuwa na kwikwi wala kope kupepesa. Chozi moja, kisha jingine likalifuata kwenye njia ileile.

"Sista!" aliita, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Sista, njoo! Anasikia! Anatusikia!"

&nbsp;

Sista alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliyatazama yale machozi, akamtazama Spika.

"Nani aliwaambieni hasikii? Bomba limezuia sauti. Masikio halijayagusa. Mnazungumza nini hapa?"

Spika alijikohoza.

Sista alifungua bandeji ya mkono wa kulia, akausugua kidogo damu itembee, akauweka ndani ya mkono wa Mama Mapacha. "Nawa vizuri, kisha mshike hivi, bila glovu. Baba, nisikilize. Ukitaka kusema ndiyo, mbane mkeo mara moja. Hapana, mbane mara mbili. Umeelewa?"

Wakangoja. Mashine ikafyonza, ikaachia. Kisha Mama Mapacha akahisi kitu kwenye kiganja chake, kidogo kama samaki anapogusa ndoano. Mara moja.

"Ndiyo," alisema, na machozi yakamtoka.

"Tumpime," alisema Sista. "Baba, wewe ni mwanamke?"

Vidole vilibana mara mbili, na safari hii kwa nguvu mpaka pete ya Mama Mapacha ikamuuma. Alicheka na kulia kwa pamoja. "Hapana, anasema! Na amekasirika!" Hata mama mkwe alicheka, huku amejifunika mdomo kwa upande wa mtandio.

Kabla ya kuondoka Sista alimvuta Mama Mapacha pembeni. "Sikiliza, mama. Mgonjwa wa namna hii watu humaliza maneno yake. Akianza kusema, wao wanakimbilia mbele. Usimmalizie. Muulize, ngoja, pokea kilichokuja, hata kama si ulichotaka. Wewe sasa ni simu tu. Simu haijibu yenyewe."

"Nimeelewa, Sista."

Aliamini kwamba ameelewa.

&nbsp;

Kesho yake Sista aliwaletea kipande cha boksi alichoandika herufi kwa kalamu nene, mistari mitano. Mama Mapacha alipitisha kidole mstari baada ya mstari. Mumewe akibana, anasimama hapo, kisha anapita herufi moja moja mpaka abanwe tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kutunga uzi kwenye sindano gizani. Jasho lilimtoka mgonjwa kipajini. Ikapatikana M. Ikapatikana A.

"Mama!" mama mkwe aliruka kutoka kwenye stuli. "Ananiita mimi! Mwanangu neno lake la kwanza ananiita mimi!"

Vidole vilibana mara mbili. Vikabana tena mara mbili.

Mama Mapacha alimtazama yule bibi kizee. Tangu mwanawe alazwe alikuwa halali wala hali, ameshinda kwenye benchi la nje akiwaomba radhi manesi kwa kila kitu, hata kwa kukaa. Sasa uso wake ulikuwa umefunguka kama mlango uliokuwa umekwama.

"Amesema nini?" aliuliza. "Ni mimi, sivyo?"

"Ndiyo, mama," alijibu mkwewe. "Anakuita."

Bibi akambusu mwanawe kwenye vidole vya mguu mzima, akatoka kwenda kuwaambia watu wa benchi. Alipotoka, Mama Mapacha alikamilisha neno: J, halafu I. Akachovya pamba kwenye maji, akamlowesha midomo iliyopasuka. Mumewe alimtazama, na kwenye mikunjo ya macho yake ilikuwapo ile hali yake ya zamani ya kutaka kucheka. Walikuwa wamemtania mama wote wawili bila yeye kujua, na halikumdhuru mtu.

Siku zilizofuata aliandika mengine. Aliandika SHINGO, wakamgeuzia mto. Aliandika WATOTO, mkewe akamsimulia mapacha wamefanya nini shuleni, nani kapigana na nani. Siku moja, baada ya Spika kusimama pale asubuhi nzima akieleza kwa sauti ya mnada ugonjwa wa kila mtu aliyewahi kumjua, aliandika herufi nyingi kwa taabu: KAKA ASIJE.

"Anasemaje?" Spika aliuliza, ameinamia lile boksi asiloweza kulisoma bila miwani yake.

"Anasema asante, shemeji. Anasema umechoka sana kwa ajili yake, ukapumzike nyumbani siku mbili tatu."

Spika alifuta macho. "Mdogo wangu ana huruma. Hata akiwa hivi."

Mama Mapacha alihisi mkono wa mumewe ukitetemeka, akajua anacheka. Uongo wa namna hiyo huingia nyumbani kama mpita njia anayeomba maji ya kunywa. Hakuna anayemfukuza, na mwisho wake anaonyeshwa pa kulala.

&nbsp;

Mguu haukungoja. Ulianza kubadilika rangi kutoka vidoleni, ukapanda, na harufu yake ikawafanya wageni wazungumze huku wakitazama dirishani. Homa iliyokuwa imeshuka ilirudi kwa kishindo. Daktari wa upasuaji, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, aliwaita wote watatu kwenye ujia nje ya chumba.

"Sumu inapanda," alisema. "Tukikata juu ya goti leo, ana nafasi nzuri. Tukingoja, sina la kuwaahidi."

"Kateni," alisema mama mkwe bila kuvuta pumzi. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Si wewe wa kuamua, bibi. Wala si mimi. Mgonjwa ana fahamu zake, anaelewa, kwa hiyo uamuzi ni wake. Angekuwa hajitambui ningemwomba mkewe. Nataka tumuulize mbele yenu."

Spika alishangaa. "Mtu wa bomba mdomoni umuulize kukatwa mguu?"

"Ndiyo. Mguu ni wake."

Walirudi ndani. Daktari alivuta stuli akakaa, macho yake yakawa sawa na macho ya mgonjwa, akamweleza yote bila kuficha. Mgonjwa alimsikiliza akimkazia macho. Homa ilikuwa imemla, mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Daktari aliushika yeye mwenyewe. "Ukikubali nibane mara moja." Akangoja. Hakuna kitu. Sista naye alijaribu, akatikisa kichwa. "Kwa glovu hizi sisikii, na sisi haturuhusiwi kuzivua. Tangu jana nguvu zimekwisha. Anayemsikia ni mkewe peke yake."

Mama Mapacha alinawa, akaupokea mkono kwa mikono yake miwili, akaufunika kama mtu anayekinga kiberiti upepo usikizime.

"Baba Mapacha," alimwita, "umemsikia daktari. Unakubali wakate?"

Alijua jibu kabla halijafika. Alikuwa ameishi na fundi wa paa. Alijua alivyotembea juu ya boriti, mikono ameachia, akiimba. Alijua alivyowatazama watu wa chini kwa huruma kidogo, kama watu waliokosa kitu bila kosa lao.

Mbano wa kwanza ulikuja. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha ukaja wa pili, dhaifu lakini kamili, na haukufanana na mtetemo wa homa hata kidogo.

"Anasemaje?" Mama mkwe alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa vidole vyote kumi.

"Amekubali?" aliuliza Spika, kwa mara ya kwanza maishani mwake akinong'ona.

Mashine ilifyonza, ikaachia. Macho ya mumewe yalikuwa usoni pake, yakingoja apeleke neno lililokabidhiwa kwake.

"Amekubali," alisema Mama Mapacha.

Mama mkwe aliangua kilio. Daktari alisimama. Lakini Sista hakusogea. "Dokta, naomba tumuulize na kinyume chake, ndivyo tunavyofanya. Baba, je, unataka mguu ubaki kama ulivyo?"

Mbano ulikuja palepale, mmoja, mrefu, uliokaza mpaka ukaishiwa nguvu katikati.

"Hapana," alisema Mama Mapacha. "Amebana mara mbili."

Sista alimtazama usoni, akaitazama mikono yake iliyoufunika ule mkono. Alifungua kinywa. Bibi kizee alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti, Spika anampigapiga daktari begani, na Sista akafunga kinywa chake, akaenda kuandaa kitanda cha kusukuma.

Mumewe hakuondoa macho. Akabana mara mbili. Akapumzika, akabana mara mbili. Walipomhamisha kitanda, alibana mara mbili. Mama Mapacha alitembea kando yake kwenye ujia, amemshika mkono, huku watu wa kwenye mabenchi wakisimama kuwapisha na kumwambia pole mama, Mungu atasaidia, naye anawaitikia amina. Ndani ya kiganja chake mumewe alikuwa akisema hapana. Alisema hapana walipopita dirishani. Alisema hapana kwenye kona. Mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, ambako ndugu hawaruhusiwi kupita, alikuwa bado anasema, na mkewe akamfungua vidole kimoja kimoja ili waweze kumsukuma ndani.

&nbsp;

Alipona. Homa ilishuka kama maji kwenye shimo. Lakini alipoamka, Mama Mapacha alipouweka mkono wake ndani ya ule wa mumewe akamwambia, "Ni mimi, bana kidogo," mkono ulikaa wazi kama glovu iliyovuliwa. Alimsomea herufi, hakubana. Alimuuliza kama ana maumivu, kama ana kiu, kama anataka watoto. Alitazama dari.

"Huwa hivyo baada ya kukatwa," Sista alimwambia. "Na dawa za usingizi zinavuruga akili. Wengine hawakumbuki hata kama waliwahi kuwa humu." Kisha akasitasita. "Mama, siku ile..."

"Siku ile nini, Sista?"

Walitazamana. Sista alirekebisha uzi wa miwani yake. "Basi," alisema. "Mtu anapumua. Basi."

Walimchomoa bomba. Sauti ilirudi ikiwa imekwaruzika, kama ya mtu aliyekula vumbi la mbao, na neno lake la kwanza la kusikika lilikuwa "chumvi," kwa sababu uji wa hospitali haukuwa nayo. Wakamrudisha nyumbani na magongo mawili. Mapacha waligombania kuyabeba.

Nyumba ilijaa watu. Kila aliyekuja alimsifu Mama Mapacha: mke ni huyu, wengine wangekimbia. Yeye aliwaandalia chai, akarudi kwenye cherehani. Hapo ndipo ilipomjia kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelaza kiganja juu ya kitambaa, na ndani ya kiganja akabanwa mara mbili. Aliruka akakitazama kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha sare ya bluu. Baada ya hapo ikawa inamjia bila hodi. Alipobeba ndoo, mpini ulimbana mara mbili. Alipopeana mkono na mteja, aliuvuta mkono wake kwa haraka mpaka yule mteja akaunusa wa kwake. Mtoto mmoja wa mapacha alimshika wakivuka barabara, akambana kidogo, halafu tena kidogo, kama watoto wafanyavyo, naye akasimama katikati ya barabara huku magari yakimpigia honi.

"Mama, nimefanyaje?"

"Hujafanya kitu. Twende."

Mumewe alizungumza naye, lakini yalikuwa mazungumzo ya mpangaji na mwenye nyumba. Nipe maji. Leo kuna joto. Watoto wamekula? Mara nyingine Mama Mapacha aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamkuta anamtazama mikono. Hakujua kama anajua. Alitamani ajue, aseme, apige kelele, mambo yaishe. Wakati huohuo aliomba asikumbuke kamwe.

&nbsp;

Aliyelifungua jambo alikuwa mama mkwe, kwa nia njema. Alikuja mchana na jirani zake wawili kumwonyesha mwanawe, naye alikuwa na hadithi yake, kila siku inanenepa.

"Huyu ana moyo wa chuma," aliwaambia. "Daktari kamuuliza, je, tukate? Hakutetereka! Kamjibu palepale, kateni! Daktari mwenyewe kashangaa."

"Hongera, baba," walisema jirani. "Wanaume wengi wangekataa."

Baba Mapacha alitabasamu kwa adabu. Wageni walipoondoka, alikaa muda mrefu akikichezea kipande cha suruali kilichobanwa kwa pini chini ya paja. Mapacha walikuwa shuleni. Mkewe alikuwa anakata kitambaa mezani.

"Watu wote wananisifu," alisema kwa ile sauti yake ya vumbi. "Nasikia nilikubali. Mimi sikumbuki kukubali."

Mkasi ulisimama.

"Nakumbuka ndoto tu. Niko juu ya paa nawapigia kelele, ninyi wote mko chini, mnanipungia mikono, mnacheka. Basi." Alimgeukia. "Niliulizwa?"

"Uliulizwa."

"Aliyenishika mkono ni wewe?"

"Mimi."

"Nikasema nini, Mama Mapacha?"

Angeweza kusema ulikubali. Neno lilikuwa hapo, limeshatumika mara nyingi mpaka limelainika. Mama mkwe alilijua, Spika alilijua, jirani walishalichukua hadi sokoni. Aliweka mkasi mezani.

"Ulisema hapana."

Mumewe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari aliyokwisha kuinusa. "Mara moja?"

"Mpaka mlangoni. Hukuacha. Mpaka walipokuchukua."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele akiuza mifagio. Sauti ilikaribia, ikapita, ikafifia.

"Mbona hukunisikiliza?"

"Nilikusikia."

"Sikukuuliza kusikia. Nimekuuliza kusikiliza."

"Ungekufa!" Ilimtoka kwa nguvu mpaka pini zilizokuwa ukingoni mwa meza zikamwagika. "Ungekufa, na mimi ningekuwa ndiye niliyetamka. Mama yako kasimama pale, kashika kitanda. Nimwambie nini? Na hawa watoto, ningewaambia nini wakikua? Baba yenu alinibana mara mbili nikamwacha afe?"

"Ungewaambia hivyo."

"Ni rahisi kusema sasa."

"Hakuna kilicho rahisi sasa," alisema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uliuona mwepesi, ukanitwisha." Alipangusa paja lake kwa kiganja. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imepungua, na hilo lilimtisha mkewe zaidi. "Mtu yule aliyesema hapana simjui. Ningekutana naye leo, pengine ningembishia. Ningemwambia, mjinga wewe, watoto wako bado wadogo. Lakini alikuwepo. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kusemea, akaupa mtu aliyemwamini kuliko wote."

Mama Mapacha alipiga magoti kuokota pini. Hakuziona vizuri. Moja ilimchoma, akaiacha imchome.

"Sijutii," alisema akiwa chini. "Nikikudanganya kwamba najutia, nitakuwa nimekudanganya tena. Lakini sipati usingizi. Unanibana mchana na usiku."

Mumewe alichukua magongo yake, akajinyanyua kwa taabu, na mkewe alipoinuka kumsaidia, alimwinulia kiganja: kaa.

"Kuanzia leo," alisema, "usinisemee."

&nbsp;

Mnyapara alifika mwishoni mwa juma, amevaa shati safi na viatu vya kazini. Alikuwa amefanya kazi na Baba Mapacha miaka mingi, na katika wote waliokuja ndiye aliyeona aibu zaidi. Hakujua aweke wapi macho yake. Alipopewa kiti alikigeuza kidogo, akajikuta amemwelekea Mama Mapacha.

"Shemeji, nimekuja na jambo," alisema. "Pale kazini tunataka mtu wa stoo. Kazi ya kukaa. Anatoa vifaa asubuhi, anavipokea jioni. Mshahara si wa fundi, lakini upo kila mwezi. Nimempigania kwa mkubwa mpaka amekubali." Akashusha sauti, kana kwamba mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwake amelala. "Unaonaje, ataitaka?"

Mama Mapacha alikuwa ameshika birika. Unga ulikuwa umebaki wa siku chache. Sare za shule hushonwa msimu wake, na msimu ulikuwa umepita. Neno ndiyo lilimpanda kutoka tumboni, likafika kwenye meno. Aliona jinsi ambavyo lingetoka kwa urahisi: ataitaka, shemeji, Mungu akubariki, na mnyapara angesimama kwa faraja, na jambo lingekuwa limekwisha.

"Yupo hapo," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mnyapara aligeuka, uso umemjaa damu. "Samahani, fundi. Sikuwa na maana... Unaonaje? Kazi ya stoo. Unaitaka?"

Baba Mapacha aligeuza uso. Alikuwa anatazama nje kupitia mlangoni, kwenye mabati ya nyumba za mbele yaliyokuwa yakiwaka jua. Mnyapara alipangusa magoti yake. Alimtazama tena Mama Mapacha, macho yakimwomba amsaidie, na yeye alikaza mikono kwenye birika la moto mpaka ngozi ikaungua.

"Hapana," alisema Baba Mapacha.

Alilisema bila ukali, na wakati analisema hakumtazama mnyapara. Alimtazama mkewe.

Mnyapara alicheka kicheko cha kutojua la kufanya. "Fikiria kidogo, fundi. Nafasi kama hii..." Akamgeukia Mama Mapacha. "Shemeji, hebu sema naye. Amesema nini huyu?"

Aliliweka birika chini.

"Amesema hapana," alisema Mama Mapacha.